KAMERA YA JOTO: UBADILISHE AU UBAKI NA YA ZAMANI? ULIZA DAFTARI LAKO KWANZA

Swali linalonifikia sana siku hizi ni hili: "Nina kamera ya joto ndogo, ile ya 80 kwa 60. Wenzangu sasa wana za 256 kwa 192. Nibadilishe au nitulie?"

Jibu fupi: usiamuliwe na video uliyoiona wala maneno ya muuzaji. Uamuliwe na daftari lako. Jibu refu ndilo hili, kwa hiyo chukua kalamu. Hela ya kamera mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya kodi ya fremu au ya kuongeza mzigo wa vioo na betri. Ukiitoa vibaya, utakuwa na kifaa kizuri mezani na rafu tupu nyuma yako.

KAMERA HII INAFANYA NINI HASA

Kwa ambao ni wageni: simu imezima kabisa, unaiweka kwenye pawa saplai, inavuta ampea nyingi hata kabla hujabonyeza kitufe. Hapo unajua kuna shoti. Kazi ni kujua iko wapi, maana laini moja ya umeme inaweza kuwa na kapasita kibao, na zote zimeungana. Mita inakwambia shoti ipo, lakini haikuoneshi ni kapasita gani.

Njia ya zamani ni moshi wa rozini. Unaipaka bodi moshi mpaka iwe nyeupe, unapeleka umeme, panapoyeyuka ndipo penye tatizo. Njia hiyo bado inafanya kazi na ni ya bei ndogo. Shida yake ni kwamba rozini inataka joto jingi ndipo iyeyuke, kisha bodi inabaki na uchafu wa kusafisha.

Kamera ya joto inaona mionzi ya joto inayotoka kwenye kila kitu. Kapasita ikipanda nyuzi 2 au 3 tu juu ya jirani zake, inaonekana kama kidoa cheupe. Haihitaji uunguze kitu. Ndiyo maana tunaipenda.

Sasa, kwa nini ya zamani inashindwa wakati mwingine? Sababu ni nyingi, na siyo zote zinatibiwa kwa kununua mpya. Hapa ndipo hela za watu wengi zinapotelea.

NAMBA YA KWANZA: PIKSELI MOJA INAFUNIKA MILIMITA NGAPI?

Wengi wanauliza kamera ina pikseli ngapi. Swali zuri zaidi ni hili: pikseli moja inakaa juu ya milimita ngapi za bodi yangu?

Pima hivi, ni dakika mbili tu:

1. Shika kamera karibu na meza, umbali mdogo kabisa ambao picha bado haijawa na ukungu.
2. Weka kidole ukingo wa kushoto wa picha na kingine ukingo wa kulia. Vidole vina joto, utaviona vizuri.
3. Pima kwa rula milimita zilizopo kati ya vidole.
4. Gawa kwa idadi ya pikseli za upana.

Mfano: kamera ya 80 kwa 60 ambayo kwa umbali wa sm 15 inaona upana wa milimita 112. 112 gawa kwa 80 ni 1.4. Yaani kila pikseli imefunika milimita 1.4.

Linganisha na vitu vilivyo kwenye bodi. Kapasita ndogo ya saizi ya 0201 ina urefu wa milimita 0.6 na upana wa 0.3. Ile ya 01005 ni milimita 0.4 kwa 0.2. Kwa hiyo kapasita nzima, pamoja na majirani zake, imelala ndani ya pikseli moja! Kamera inachanganya joto lake na ubaridi wa pembeni, inakupa wastani. Kidoa kinafifia, na wewe unabaki unakisia kati ya kapasita 6.

Sasa angalia mtego. Kamera ya pikseli 160 yenye lenzi pana, inayoona milimita 156 kwa umbali ule ule, inakupa karibu milimita 1 kwa pikseli. Umelipia pikseli mara mbili kwa upana, lakini kwenye bodi umepata nafuu kidogo tu, kwa sababu lenzi imetawanya pikseli zako kwenye eneo kubwa.

Ila kamera ya 256 ikiwa na lenzi ya karibu, ukaisogeza mpaka inaona upana wa milimita 30 tu, inakupa milimita 0.12 kwa pikseli. Hapo kapasita ya 0201 inapata pikseli 5 kwa urefu. Unaiona kama kapasita, unaigusa kwa ncha ya koleo, unaitoa.

Somo: kwenye ufundi simu, lenzi ya karibu ina uzito sawa na pikseli. Kamera ya 256 bila lenzi ya karibu inaweza kukuangusha.

KABLA HUJAILAUMU YA ZAMANI, IPE NAFASI

Haya ni mambo manne ya bei ndogo au ya bure kabisa. Yafanye kwanza, kisha ndiyo uhesabu kamera imeshindwa mara ngapi.

▪ Vitu vinavyong'aa vinadanganya. Kifuniko cha bati na risasi iliyong'aa havitoi mionzi ya joto vizuri, vinaakisi joto la vitu vingine kama kioo. Unaweza kuona "kidoa cha moto" kumbe ni mkono wako au paji lako la uso. Bandika kipande cha tepu ya karatasi juu ya bati, au paka rozini nyembamba. Na siku zote washa umeme, zima, washa tena. Joto la kweli linakuja na kuondoka na umeme. Kivuli cha mkono wako kinabaki pale pale.

▪ Umeme mdogo mno hauleti joto. Joto linakwenda na ampea mara ampea. Shoti yenye ohm 0.02 ukiipa ampea 1 inazalisha wati 0.02 tu, hata kamera nzuri itahangaika. Ukiipa ampea 2 inakuwa wati 0.08, mara nne zaidi. Lakini taratibu! Anza na volti ndogo, kama 1 kwenye laini kuu ya betri, ongeza kidogo kidogo, na usivuke kamwe volti ambayo laini hiyo imetengenezewa. Laini za prosesa nyingine hazifiki hata volti 1. Ukizipelekea volti 4 umeua simu ya mtu, na hakuna kamera ya kuirudisha. Pia tumia waya mnene na mfupi, la sivyo joto litaishia kwenye waya wako.

▪ Tumia spiriti. Mwagia tone la spiriti ya kusafishia bodi eneo unalolishuku. Panapokauka haraka kuliko kwingine pana joto. Kwenye kamera dogo, hii inakupunguzia eneo la kutafuta. Ila zima umeme unapomwagia, na usiwe na moto wala bloa iliyowaka karibu.

▪ Iongezee lenzi. Kioo cha kawaida hakipitishi mionzi hii, kwa hiyo lenzi ya miwani au ya kukuzia haisaidii kitu. Kinachopitisha ni vitu kama jemaniamu na zinki selenaidi. Habari njema ni kwamba lenzi za zinki selenaidi, zile za rangi ya njano, ni vipuri vya mashine za leza za CO2 zinazochonga mbao na akriliki. Ukiweka lenzi ya umbali wa milimita 50 mbele ya kamera dogo ya mfano wetu wa kwanza, unaisogeza bodi kama sm 5, na upana wa picha unashuka kutoka milimita 112 mpaka takriban 38. Pikseli moja sasa inafunika chini ya milimita 0.5 badala ya 1.4. Siyo sawa na kamera mpya, lakini umepiga hatua kubwa bila kubadilisha kamera. Tahadhari: usiikwaruze wala kuivunja, vumbi lake ni sumu. Ukimaliza kuishika, nawa mikono.

NAMBA ZA KUPAMBA TANGAZO

Ukishaamua kutafuta mpya, utakutana na namba nyingi. Zichambue hivi.

Pikseli za skrini siyo pikseli za jicho. Tangazo linaweza kuandika 320 kwa 240 kwa herufi kubwa, kumbe hiyo ni skrini au picha iliyovutwa na programu. Muulize muuzaji neno kwa neno: "Kihisi chenyewe cha joto kina pikseli ngapi?" Akizungukazunguka, achana naye. Kwa kulinganisha: FLIR C2 ina kihisi cha 80 kwa 60, FLIR One Pro ina 160 kwa 120, na InfiRay P2 Pro ina 256 kwa 192. Siwasemei, natoa mizani tu.

Picha ngapi kwa sekunde? Kamera nyingi zimefungwa kwenye picha 9 kwa sekunde kwa sababu ya sheria za nje zinazobana usafirishaji wa teknolojia inayoweza kutumika kijeshi. Nyingine zinatoa 25. Kwenye bodi iliyotulia mezani, 9 zinatosha. Hizo 25 ni raha ya macho zaidi kuliko kazi. Usilipie sana hapo.

Kuhisi tofauti ndogo ya joto. Kamera dogo nyingi zinaona tofauti ya nyuzi 0.1. Mpya zinaona hata nusu ya hapo. Ni nzuri, lakini kwenye shoti za simu tatizo kubwa huwa ni udogo wa kitu, siyo udogo wa joto.

Inapima mpaka nyuzi ngapi? Tangazo likijisifu nyuzi 400 au 600, jiulize: shoti gani ya simu unaiacha ifike huko?

Inachomekwa wapi? Zile za kuchomeka kwenye simu ni za bei nafuu, lakini zinategemea programu. Angalia tundu ni la Type-C au la aina ya zamani, na programu bado inaboreshwa au imetelekezwa. Programu ikifa, kamera nayo inakufa.

Na jambo moja la mwisho: kamera haioni kupitia kifuniko cha bati wala kioo cha simu. Anayekwambia inaona ndani ya simu iliyofungwa anakuuzia sinema.

SASA TUJE KWENYE HELA

Hapa weka namba zako mwenyewe. Mimi naweka za mfano ili uone njia.

Tuseme kamera mpya mpaka ifike mkononi, pamoja na usafiri na ushuru, ni shilingi 700,000. Kazi ya bodi unatoza 60,000. Ukitoa vifaa na posho ya kijana, unabaki na 45,000.

Wengi wanapiga hesabu hivi: 700,000 gawa kwa 45,000, kazi 16 kamera imejilipa. Siyo kweli.

Kwanza, kazi ambazo kamera ya zamani inazimaliza usizihesabu. Hizo ungezipata hata bila mpya.

Pili, zile zinazokushinda huwa unazifanyaje? Wengi wetu tunampelekea fundi mkubwa wa bodi, tunagawana. Tuseme kwenye kazi ya namna hiyo unabaki na 15,000. Basi kamera mpya haikuletei 45,000. Inakuletea tofauti tu, yaani 30,000.

Kwa hiyo:

✔ Kazi 1 kwa mwezi inayookolewa na kamera mpya = 30,000. Kujilipa: zaidi ya miezi 23.
✔ Kazi 3 kwa mwezi = 90,000. Kujilipa: karibu miezi 8.
✔ Kazi 4 kwa mwezi = 120,000. Kujilipa: karibu miezi 6.
✔ Kazi 7 kwa mwezi = 210,000. Kujilipa: miezi 3 na kidogo.

Tatu, iulize ile 700,000 ingefanya nini kwingine. Kama ukiiweka kwenye vioo na betri zinazotoka haraka inakurudishia faida ya 100,000 kwa mwezi, basi kamera inayoleta 30,000 ni hasara, hata kama inaleta "faida". Mtaji wetu ni mdogo, shilingi haiwezi kukaa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Nne, ya zamani ina thamani. Kuna mafundi umeme wanaihitaji kuangalia nyaya na maungio ya swichi yanayopata moto. Kwa kazi hiyo 80 kwa 60 inasaidia vizuri, maana kitu chenyewe ni kikubwa. Ukiiuza, toa hela hiyo kwenye bei ya mpya kabla ya kugawa.

DAFTARI LANGU LILISEMA HIVI

Nilifungua kurasa mbili kwa miezi miwili. Kila bodi yenye shoti niliandika vitu vinne: simu gani, laini gani, kamera ilionesha au haikuonesha, na mwisho wake.

Bodi zilikuwa 14. Kamera yangu dogo ilionesha 8 bila shida. Zilibaki 6.

Ukiangalia juujuu utasema: 6 kwa miezi miwili ni 3 kwa mwezi, nunua! Lakini nilizipitia moja moja.

Mbili zilijibu baada ya tepu juu ya bati na ampea kuongezwa kwa utaratibu. Kamera ile ile.

Moja haikuwa na shoti tena baada ya kuondoa kapasita ya kwanza. Iliyobaki ilikuwa laini iliyokatika. Laini iliyokatika haipiti umeme, kwa hiyo haina joto la kuona. Hata kamera ya mamilioni ingenyamaza. Hapo ni mita na mchoro wa bodi.

Moja shoti ilikuwa ndani ya prosesa. Kamera iliona prosesa nzima imepata moto, jibu lilikuwa sahihi, ila gharama ya kuitengeneza inazidi bei ya simu.

Zilibaki 2. Hizo ndizo zilikuwa na kapasita zilizobanana, na kamera ilionesha eneo lakini haikuweza kutofautisha. Nilizipeleka kwa fundi mwenye kamera kubwa, zikapona.

Mbili kwa miezi miwili ni moja kwa mwezi. Kwa hesabu ya hapo juu, miezi 23. Kodi ya fremu yangu inadaiwa kabla ya hapo mara kadhaa! Kwa hiyo nimetulia. Nimechukua lenzi ya njano, na hela iliyobaki imeingia kwenye betri.

Lakini nimejiwekea mstari: siku daftari likionesha kazi 4 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, nanunua ya 256 yenye lenzi ya karibu, bila kuuliza mtu.

NANI ANUNUE, NANI ATULIE

Nunua kama wewe ndiye unayeletewa bodi na mafundi wengine. Kwako muda ndiyo hela, na bodi zilizobanana ndizo mkate wako wa kila siku.

Nunua kama hakuna fundi wa bodi karibu yako. Aliye mbali na soko kubwa la mafundi hana wa kumpelekea, na bodi inayomshinda inarudi kwa mteja kama mfu. Huyo hesabu yake haitoi ile 15,000, kwa hiyo kamera inamlipa haraka kuliko wa mjini.

Tulia kama kazi yako kubwa ni vioo, betri na mifumo ya chaji. Kamera haibadilishi kioo.

Tulia kama bado huna pawa saplai nzuri inayoonesha ampea vizuri, au darubini ya mezani. Kuona kidoa cha joto bila kuweza kuitoa kapasita yenyewe vizuri ni kazi nusu.

Changeni kama mko mafundi watatu kwenye mstari mmoja wa fremu. Kamera haitumiki saa 8 kwa siku. Inatumika dakika 10 kwa bodi. Andikeni tu mapema inalala kwa nani, nani akiiangusha analipa nini, na mmoja akihama anarudishiwa kiasi gani. Ushirika bila maandishi huzaa ugomvi.

Na usisahau upande wa mteja. Kwake ile bodi siyo "kazi ya 60,000". Inaweza kuwa na picha za marehemu mama yake, namba za wateja wake wote wa mboga, au sauti ya mtoto aliye mbali. Kabla hujamwambia "mama, hii haitengenezeki", uwe umejaribu tepu, ampea, spiriti na lenzi. Na kama kamera yako ndiyo iliyofika mwisho, mwambie ukweli kwamba kuna mwenzako mwenye kifaa kikubwa zaidi, umpelekee. Hutapoteza mteja. Anayeambiwa ukweli hurudi, na huja na jirani yake.

Anza leo: kurasa mbili, miezi miwili, vitu vinne kwa kila bodi. Halafu gawa. Ukipata chini ya miezi 6, nenda kanunue kwa amani. Ukipata zaidi ya mwaka, hela hiyo ina kazi nyingine.

Mtumie fundi mwenzako ambaye tayari ameshaweka kamera mpya kwenye kikapu na anasubiri tu kubonyeza "lipia". Kazi njema.